Mstari wa Wenyewe

Siku tuliyoitwa kupe nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni. Hapo ndipo watu wa maji tulipokaa kila mwaka. Hakuna aliyetupangia, ila mtu akishazoea kutokuwa na cha kusema mbele ya wenzake, hujikuta amejitafutia mwenyewe kiti cha karibu na masufuria.

Ulikuwa mkutano wa mwaka wa kampuni mama, ambayo makao yake yako Dar es Salaam na watoto wake wako huku Mwanza. Nasema watoto kwa sababu ndivyo tulivyozoea kuitana. Kulikuwa na kiwanda cha barafu, kulikuwa na malori, na kulikuwa na sisi wa maji, kampuni tanzu ndogo kuliko zote. Tulikuwa na kituo cha pampu ufukweni mwa ziwa, matenki mawili juu ya mawe, na mabomba yanayoingia viwandani Nyakato na kupanda mpaka kwenye nyumba mpya za Buswelu. Wafanyakazi tulikuwa thelathini na mmoja. Mimi nilikuwa msimamizi wa wasoma mita, na mpaka leo ni mimi.

Mkutano ule una desturi yake. Kila meneja huitwa mbele na bahasha. Ndani ya bahasha hamna pesa, mna karatasi moja yenye tarakimu moja: faida ambayo mtoto huyo amempelekea mama mwaka huo. Mkurugenzi wa fedha anaifungua, anaisoma kwa sauti, watu wanapiga makofi. Watu wa barafu walipigiwa makofi mpaka wengine wakasimama. Meneja wao, bwana mnene mwenye kicheko kinachosikika barabarani, alikuwa na vikombe vya ushindi vingi hata akawa anawekea kalamu. Meneja wetu sisi alikuwa Mhaya mpole, suruali yake imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Yeye kila mwaka alipeleka bahasha yake akiwa ameinamisha kichwa, akarudi akiwa amekiinamisha zaidi.

Mwaka ule mkurugenzi wa fedha hakuisoma kabisa. Aliitazama ile karatasi, akairudisha ndani ya bahasha, akasema kwa sauti ya upole, "Ndugu zangu, tusidanganyane. Huyu mtoto haleti kitu. Ananyonya tu. Huyu ni kupe." Ukumbi ukacheka. Kisha akasema, kwa sauti ileile, kwamba bodi imetupa miezi mitatu. Tusipoonyesha faida, kampuni ya maji itauzwa, na mnunuzi atakuja na watu wake.

Mimi ni binti wa mfugaji, nimezaliwa ng'ambo ya Busisi. Kupe nawajua. Nimewatoa kwa vidole kwenye masikio ya ndama kabla sijajua kuandika jina langu. Nilikuwa na miaka kumi na saba kazini, mtoto chuoni, na nyumba Buswelu iliyofika kwenye lenta ikagoma kuendelea. Unga wangu ulikuwa unakaribia kumwagika, na wa wenzangu thelathini pia. Lakini nikisema ukweli, usiku ule kilichonikosesha usingizi ni lile neno. Nilirudia moyoni: mimi, kupe?

Tatizo letu lilikuwa na jina, nalo ni maji yanayopotea. Kila siku tulijua tumesukuma maji kiasi gani kutoka ziwani, na kila mwisho wa mwezi tulijua tumetoza watu maji kiasi gani. Hesabu hizo mbili hazikuwahi kukaribiana hata kidogo. Katikati yake kulikuwa na shimo, na umeme wa kusukuma maji ya shimoni tuliulipia sisi, dawa ya kuyasafisha tuliilipia sisi. Na sote, kuanzia meneja mpaka mlinzi wa tenki, tuliamini shimo lile ni wezi.

Basi nikatoka kuwasaka. Wiki zile sikuwa na mswalie mtume. Nilifukua bustani za watu. Niliingia hata kwenye uwanja wa nyumba ya ibada nikakagua bomba la kutawadhia huku waumini wananitazama. Tulikamata wawili watatu, wezi wa kweli, lakini maji waliyoiba yote yasingejaza tenki la shule. Kila jioni nilirudi na matope mpaka magotini, na shimo lilikuwa palepale.

Hapo ndipo nilipomfikia mama wa mgahawa.

Alikuwa na kibanda cha mabati Buswelu, karibu na barabara, akiwapikia mafundi wa ujenzi. Sangara wa kukaanga, sato wa nazi, ugali, maharage, kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Sahani haziishi kuoshwa. Bili yake ya maji ilikuwa ndogo kuliko ya kapera mmoja wa jirani yake. Nilipoona tofauti hiyo nilisema, huyu sasa ndiye. Nikaja na vijana wawili na majembe, tukachimba kuzunguka kibanda kizima tukitafuta bomba la siri. Hatukupata bomba, tulipata vijiko viwili na kandambili. Mtu mwenye akili timamu angeomba radhi hapo. Mimi nilisema amelificha vizuri, nikang'oa mita yake mbele ya wateja wake. Alisimama na upawa mkononi, mtu mzima wa umri wa mama yangu, akitutazama.

Kwa uzoefu wangu mwizi akikatiwa maji huja ofisini siku ya tatu, analia, analipa faini. Yule mama hakuja. Wiki ilipoisha nikamfuata mwenyewe. Nikakuta moshi unatoka, mafundi wanakula, sahani safi zimepangwa.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Hakuitika. Aligeuza samaki kwenye kikaango, upande mmoja, kisha mwingine. Kwetu mtu mzima akinyimwa shikamoo ni vibaya, lakini mtu mzima akikataa kuiitikia, hiyo ni hukumu. Wale mafundi waliacha kutafuna.

"Nani anakupa maji?" nikamuuliza, sasa bila heshima.

Alinionyesha kwa upawa. Nyuma ya kibanda kulikuwa na pipa, juu yake chanja ya mbao, juu ya chanja mabonge ya barafu yamefunikwa kwa gunia na maranda, na samaki wamelala katikati. Maji yalikuwa yanadondoka pipani, safi, taratibu, bila kukoma.

"Hayo ndiyo naoshea vyombo," akasema. "Na sakafu, na miguu yangu. Tangu nifungue hapa. Nanunua barafu kwa ajili ya samaki, ikiyeyuka naitumia, maji ya bomba nayaachia kupikia, ndoo tatu tu kwa siku, na wiki hii hizo nimenunua kwa jirani. Ungeuliza ningekwambia. Hukuuliza. Ulikuja na jembe."

Na alikuwa hajamaliza.

"Halafu wewe si ndiye bosi wa maji? Hebu niambie. Hiyo barafu wanaitengeneza kwa nini? Kwa mate?"

Mafundi wakaangua kicheko. Mimi sikusikia kicheko vizuri. Nilikuwa nimesimama natazama lile bonge la barafu, kubwa, jeupe, na nikaukumbuka mstari mmoja wa daftari langu.

Lazima nieleze jambo hapa, la sivyo msomaji ataniona punguani, na labda ana haki. Siku hizi wasoma mita wangu wanatumia simu, lakini mimi sijaacha daftari langu la kijani. Kila mteja ana mstari wake, na kila mwezi tarakimu yake. Kwenye ukurasa wa Nyakato kulikuwa na mstari wa kiwanda cha barafu. Pale penye tarakimu paliandikwa neno moja, *wenyewe*. Januari, wenyewe. Februari, wenyewe. Kila daftari jipya lilipokuja, neno lilinakiliwa. Nililikuta nilipoajiriwa, nikalinakili kwa mkono wangu miaka kumi na saba. Zilipokuja simu, kijana wa kompyuta aliuliza aweke nini kwenye mstari ule, nikamjibu mimi mwenyewe, "Uruke. Hao ni wenyewe."

Pampu ya kwanza ilikuwa mali ya kiwanda cha barafu. Baadaye wakubwa wakaitenga, wakaifanya kampuni, wakaiambia ikauze maji ijitegemee. Tukapewa pampu, tukapewa mabomba, tukapewa madeni. Ila bomba la kwenda barafu likabaki lilivyokuwa, kwa sababu nani angempelekea bili mwenye nyumba? Waliotutangulia waliona ni utovu wa adabu. Sisi tukarithi adabu ile bila kuuliza. Tulikuwa tunamfukulia mama mtu mzima kibanda chake kwa ajili ya ndoo tatu, huku kiwanda kizima kikinywa mchana na usiku nyuma ya lango la bluu, na mimi nikiandika wenyewe, kwa mwandiko mzuri.

Siku ileile nilimrudishia mama mita yake kwa mkono wangu, nikafunga nati zote mwenyewe. Nikamwambia, "Mama, nimekukosea. Nisamehe."

"Nitafikiria," akasema.

Nikaenda kwa fundi wetu mzee, mtu wa Kirumba, kofia haimtoki kichwani, aliyelaza mabomba yetu karibu yote. Nikamuuliza kama kule barafu kuna mita.

"Ipo," akasema, kama nimemuuliza kama kuna ziwa. "Mita kubwa ya chuma. Nimeifunga kwa mkono huu siku walipotutenga. Kutoka mnara wa kupozea, hatua ishirini kuelekea ukuta. Chini ya bamba."

"Na mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza, binti yangu? Mimi nimeajiriwa kufunga, si kusoma."

Meneja wetu nilipomweleza alinyoosha mkunjo wa suruali ambao haukuwepo. Alisema jambo lile ni zito, tuandike barua. Tukaandika. Meneja wa barafu akajibu kwa simu, kwa kicheko chake, kwamba tuache utoto. Nikaenda langoni mwenyewe na kitambulisho. Mlinzi alikuwa Msukuma mwenzangu, tukasalimiana kwa kilugha vizuri kabisa, kisha akasema, "Dada, humu wanaingia wenyewe na wateja. Wewe si mwenyewe."

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Ilikuwa imebaki miezi miwili. Nikiwa nakoroga uji asubuhi yake ndipo neno la yule mlinzi likanirudia, nikaacha mwiko ndani ya sufuria. Wenyewe, na wateja.

Nikaenda Buswelu. Nikasema shikamoo, sikuitikiwa. Nikasema tu nilichokuja kusema: kwamba yeye ni mteja wa barafu, anaingia lango lile mara tatu kwa wiki, na mimi nahitaji kuingia.

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye mabuti. Kwa mara ya kwanza niliona kitu kama tabasamu.

"Utasukuma toroli," akasema.

Nikasukuma toroli. Msimamizi wa wasoma mita, kanga mbili juu ya sare, ushungi mpaka kwenye nyusi, nasukuma toroli la mama ntilie kutoka alipotushusha mwenye pikipiki ya mizigo mpaka lango la bluu. Mlinzi alimsalimia mama kwa heshima, mimi hakunitazama hata kidogo. Ndani, mama akaanza kazi yake.

"Hili bonge umelikata wewe au limetafunwa na panya?" akamwambia muuzaji. "Nalipia bonge zima, nipe bonge zima. Hilo lirudishe. Na hilo. Lete lile la nyuma. Lile lina ufa, wewe kijana, unanionaje, sioni?"

Sijapata kumwona mtu anayebishana kwa raha namna ile. Wapakiaji wote walisogea kutazama. Mimi nikahesabu hatua ishirini kutoka mnara wa kupozea. Palikuwa na kreti za samaki zimerundikwa mpaka kifuani. Nikazisogeza moja moja, nikakuta bamba la chuma limeshika kutu, nikaliinua kwa chuma cha toroli. Chini kulikuwa na buibui, matope, na mita. Nikapangusa kioo kwa kanga. Sindano ilikuwa inazunguka mbio.

Nakumbuka nilikaa chini kabisa, kwenye maji ya samaki, nikaitazama. Miaka yote ile ilikuwa inahesabu gizani, haina wa kuisoma. Nilipiga picha, nikarudisha bamba, nikarudisha kreti. Mama alipoona nimeinuka akakubali ghafla lile bonge la kwanza alilolikataa.

Lakini mita haisemi kitu ukiisoma mara moja. Inakwambia tu ilipofika. Ili ujue mtu anatumia kiasi gani lazima urudi. Tukarudi baada ya wiki, toroli lilelile, ubishi mpya. Jioni ile nikakaa na meneja na fundi mzee, tukatoa tarakimu ya kwanza kwenye ya pili. Meneja akaifanya hesabu mara tatu. Kisha akaweka karibu yake hesabu ya maji yanayopotea, akavua miwani.

Kiwanda cha barafu peke yake kilikuwa kinatumia kuliko nyumba zetu zote za Buswelu zikijumlishwa. Shimo letu, lile tulilolifukua kwa majembe mji mzima, lilikuwa pale, karibu lote.

"Sasa tufanye nini?" meneja akauliza.

"Tuandike bili," nikasema.

Mkurugenzi wa fedha alikuja ile miezi mitatu ilipokuwa inakaribia kwisha. Alikuwa ametoka Geita, amevuka daraja la Busisi asubuhi, na aliusifia sana urahisi wa safari. Tulikaa chumba kidogo cha ofisi yetu Nyakato: yeye, meneja wa barafu, meneja wetu, fundi mzee, na mimi na daftari langu.

Meneja wa barafu alicheka kwanza. Akasema mita ile ni mzoga, imeoza. Fundi mzee akavua kofia, jambo ambalo sijawahi kuliona, akasema, "Twende sasa hivi. Tulete gari la maji, tujaze tenki lake kupitia mita hiyo, tuone kama inasema uongo. Ikisema uongo, nifukuzeni leo." Hakuna aliyeinuka kwenda.

Mkurugenzi wa fedha hakucheka. Ni mtu wa akili, na jibu lake lilikuwa la akili.

"Dada yangu," akaniambia, "hizo ni fedha za nyumba moja. Ukiwatoza barafu, unatoa shilingi mfuko wa kulia unaitia mfuko wa kushoto. Kampuni mama haipati hata senti mpya."

Nilikuwa nimelisubiri jibu hilo kwa siku nyingi. Nikivua nguo kuoga nalisubiri.

"Sawa, bosi," nikasema. "Kama ni suruali moja, mbona mnataka kuuza mfuko mmoja?"

Aliiweka kalamu yake mezani.

"Uzeni," nikaendelea, na sauti yangu sasa ilikuwa imetulia, sijui ilitoka wapi. "Mnunuzi atakuja na watu wake, na watu wake watakuja na daftari lao. Mwezi wa kwanza tu watafika kwenye lango la bluu. Wao hawana wenyewe. Watamwandikia kaka yetu bili kamili, ataipeleka kwenu, na mtamlipa mgeni kwa maji haya haya mliyokuwa mnaletewa bure na mtoto wenu. Halafu mtakapokaa kwenye mkutano wenu wa mwaka, bahasha ya barafu itakuwa na nini ndani?"

Na hapo meneja wetu, yule mpole ambaye nilikuwa sijawahi kumsikia akipandisha sauti, akaegemea mbele akasema, "Na lingine, mheshimiwa. Mimi nimefuga mbuzi tu, lakini huyu dada ni wa kwenye ng'ombe." Akanigeukia. " Hebu mwambie bosi, kupe ni nani hapo?"

"Sitasema, meneja," nikasema. "Mimi nina adabu."

Mkurugenzi wa fedha aliomba glasi ya maji. Akanywa yote. Kisha akavuta daftari langu upande wake, akatafuta ule mstari kwa kidole, akasoma lile neno mwezi baada ya mwezi. Alipomaliza alichukua kalamu yake akalikata kwa mstari mmoja. "Kuanzia mwezi huu," akasema, "huyu ni mteja."

Ya miaka iliyopita tuliyaacha. Hatukudai. Lakini lililofuata hata mimi sikulitegemea. Barafu, walipoletewa bili yao ya kwanza, ghafla wakawa na macho. Wakagundua valvu inayomwaga tangu enzi na enzi. Wakagundua kwamba maji ya kupozea mitambo yanaweza kuzungushwa tena badala ya kuachiwa mtaroni. Kufikia bili ya tatu matumizi yao yalikuwa yameshuka vibaya sana, nasi tukabaki na maji mikononi. Tukayapandisha Buswelu, kwa watu waliokuwa wanangoja kuunganishwa na fomu zao zimechakaa mfukoni. Hao hawakuwa mfuko wa kulia wala wa kushoto wa mtu. Shilingi zao zilikuwa mpya kabisa.

Mkutano wa mwaka uliofuata niliingia ukumbini na miguu yangu ikanipeleka moja kwa moja karibu na jikoni. Fundi mzee akanishika mkono. "Sio leo," akasema, na tukaenda kukaa mbele, thelathini na mmoja wote, tumevaa fulana safi za bluu, tumenyooka.

Malori waliitwa, wakapigiwa makofi. Barafu wakaitwa. Walikuwa bado na faida nzuri, nami niliwapigia makofi kwa dhati, maana sasa ilikuwa faida yao kweli. Kisha tukaitwa sisi. Meneja wetu akasimama, akarekebisha mkunjo wa suruali, akanigeukia, akanipa bahasha.

"Nenda wewe," akasema.

Nikaenda. Sijui nilitembeaje. Mkurugenzi wa fedha akaifungua, akaitazama ile karatasi. Akaisoma kwa sauti, tarakimu yote mpaka mwisho, akasema, "Hili ni gawio la kwanza kutoka kampuni ya maji kwenda kampuni mama." Akatugeukia sisi. "Mwaka jana nilitumia neno hapa. Nimelifuta." Basi watu wangu wakalipuka. Vigelegele, miluzi, mtu mmoja anapiga meza kwa viganja. Fundi mzee alikuwa amesimama analia wazi, kofia mkononi, wala hajifuti. Nilifurahi, nasema wazi, nilifurahi mpaka kifua kikauma. Nilitaka baba yangu, popote alipo na ng'ombe zake, asikie.

Lakini nilikuwa na mtu mmoja wa kumfikia kabla siku haijaisha. Nilitoka na fulana yangu ya bluu, daftari kwapani, nikaenda Buswelu.

"Shikamoo, mama."

Hakuitika. Alifuta meza moja kwa kitambaa, akavuta kiti, akanyoosha mkono. Nikampa daftari. Alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akatafuta ukurasa wa Nyakato, akapata mstari wa barafu. Akapitisha kidole taratibu kwenye lile neno lililokatwa, kisha kwenye tarakimu zilizofuata, mwezi kwa mwezi. Halafu akafungua ukurasa wa Buswelu, akatafuta mstari wake, akaweka vidole viwili kulinganisha. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Na mwizi nilikuwa mimi," akasema. "Wa ndoo tatu."

"Ulikuwa wewe, mama," nikasema, na machozi yakanitoka.

Alifunga daftari, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Marahaba," akasema. "Hiyo ni ya leo. Zile nyingine bado nazifikiria."

Akaniletea sahani bila kuniuliza nataka nini. Sato mzima, ugali, mboga za majani, na pilipili pembeni. Nilikula mpaka mifupa. Nilikuwa na njaa ya mwaka mzima. Nilipomaliza nilinawa kwa maji ya barafu, nikamshukuru, nikakumbatia daftari langu, nikaanza kuondoka nikiwa na hakika kwamba sasa mimi ni mtu wa nyumbani pale.

"Wewe!" akaniita, upawa juu. "Lipa. Hapa kwangu hakuna wenyewe."

Nikarudi nikalipa.